Muziki wa Msiba, Jumamosi Asubuhi

Kila Jumamosi asubuhi simu yangu hutoa mlio mfupi, na hata kabla sijaishika najua ni swali lile lile: Unasikiliza nini?

Kundi letu lina watu watatu. Kuna muuguzi mstaafu anayeishi Rau, mama ambaye kazi ameiacha lakini sauti ya pili ya kwaya hajaiacha. Kuna mzee anayeuza pampu na mipira ya maji mjini Moshi, ambaye wateja wake wengi ni wakulima wa Kahe. Halafu kuna mimi, ambaye nikiulizwa naishi wapi huwa natafuta jibu kwanza. Kinachotukutanisha ni muziki wa klasiki, ule wa okestra, wa piano na fidla, usio na maneno na usiochezeka, ambao watu wengi wa huku ukiwawekea hukutazama kama mtu aliyeanza kuumwa.

Tulikutana dukani kwa mzee. Niliingia kumnunulia mama yangu mpira wa kumwagilia, nikakuta kwenye kaunta kunalia fidla nne zinazokimbizana, nikasahau nilichofuata. Mzee aliniacha nisimame hivyo kwa muda, kisha akaniuliza kama nataka mpira au nataka kiti. Muuguzi alikuwa tayari ameketi kwenye boksi la pampu, anakunywa chai. Nilivuta boksi lingine.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa majina. Vipande hivi vina majina marefu ya Kijerumani na Kirusi, yenye namba ndani yake, na muuguzi alisema hawezi kutamka kitu kinachofanana na jina la dawa. Kwa hiyo tukayabatiza. Tuna "Mzee Aliyepoteza Miwani", ambamo piano inazunguka inatafuta kitu. Tuna "Mvua ya Bati". Tuna "Kuku Watatu", ambayo mzee hakulipenda jina lake lakini alishindwa kura. Mimi niliileta "Ya Kushuka Ngazi", kipande cha polepole cha fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti, ambacho sauti yake inashuka ngazi moja moja, inapumzika, halafu inashuka tena.

Kanuni nyingine iliwekwa na muuguzi: jina peke yake halitoshi, lazima useme ulikuwa unafanya nini. Yeye husikiliza akichambua mchele. Mzee husikiliza baada ya swala ya alfajiri, kabla hajafungua duka. Kwao ni watu wa mjini wa damu nyingi, babu wa upande mmoja alitoka Yemen, bibi wa upande mwingine ni Mpare, na anasema yeye alianzia kwenye taarabu. Aliisikia fidla mle ndani akataka kujua ilikotoka, akaifuata nyuma kama mtu anayefuata mfereji hadi kwenye chanzo. Mimi muziki huu niliupata sekondari, seminari. Siku za mafungo tulikula bila kuongea, na padre aliyetusimamia aliweka santuri ili tusisikie meno yetu wenyewe. Mpaka leo okestra ikianza, mdomoni napata ladha ya makande.

Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa. Nimeuza viatu Tunduma, nimepika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara Singida, nimeendesha malori kwenda Ndola na Lubumbashi. Nimeishi na watu wema sehemu nyingi, nikawaacha wote. Kila nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka; nikirudi nilikotoka naanza kuisikia barabara. Sijui ugonjwa huu unaitwaje. Muuguzi anasema una jina lakini hauna sindano.

Mwaka jana mama alianguka bafuni akaumia nyonga, nikarudi nyumbani, kijijini juu ya Mkuu, Rombo. Nilisema ni kwa wiki mbili. Nikakaa mahindi yakakomaa, kahawa ikaiva, mvua za vuli zikaanza, na begi langu likiwa bado chini ya kitanda. Ukisimama uani kwetu unaona tambarare za Kenya zimelala chini kule, na siku kavu unaona vumbi la gari linakwenda peke yake kama mtu aliyeamua. Nilikuwa nalitazama vumbi hilo kila siku. Nilikuwa nainuka, naketi, nakwenda kwenye migomba bila panga, narudi. Binti wa kaka yangu, aliyemaliza chuo cha maabara na kuja kutusaidia, aliwahi kuniambia, "Baba mdogo, ungekuwa ng'ombe tungekufunga."

Sasa, mimi ni kitinda mimba. Kwetu kihamba cha baba, yaani migomba, kahawa, nyumba na makaburi yaliyo nyuma ya nyumba, humbakia mtoto wa kiume wa mwisho, naye ndiye anayekaa na mama. Kaka zangu wako Dar na wana nyumba zao. Mama alikuwa amesubiri miaka mingi bila kunisema. Lakini nyonga ilipomlaza, alianza kufikiri, na mwanzoni mwa Desemba aliniita.

"Nataka kujua kama hapa wewe ni mgeni au ni mwenyewe," alisema. "Unijibu kabla wenzako hawajapanda kuja Krismasi. Ukikataa sitalia. Ila nisiachwe njia panda, nina nyonga moja tu nzima."

Nilimwambia nitamjibu. Wiki ile ile bosi wangu wa zamani akapiga simu: lori la Lubumbashi linaondoka Moshi Jumatatu, dereva wake anaumwa, niseme ndiyo au hapana. Nilimwambia naye nitamjibu. Nikawa na watu wawili wanaosubiri mdomo mmoja.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na kliniki Moshi. Gari la kukodi lilifika alfajiri, tukambeba na blanketi lake, tukamlaza kiti cha nyuma maana kukaa kulimuuma, na binti akapanda mbele. Majirani kadhaa waliokuwa wanakwenda kukata majani waliona gari likitoka polepole, na mama amelala ndani, amefunikwa.

Nyumba ilipobaki tupu nikajua jibu langu. Au miguu yangu ilijua. Nikalivuta begi, nikalipiga vumbi, nikaanza kupanga nguo. Simu ikalia. Muuguzi alikuwa anauliza tunasikiliza nini, yeye yuko kwenye "Mvua ya Bati" na anakatakata bamia. Nikaandika: "Ya Kushuka Ngazi. Napanga begi."

"Begi la kwenda wapi?" akauliza muuguzi.

Mzee wa pampu akajibu kwa niaba yangu. "Desemba Wachaga wote wanapanda, huyu anashuka," aliandika. "Kweli kipande kimemwingia."

Nilikuwa na spika ndogo ya kuunganisha na simu. Nikaiweka dirishani, nikaifungulia mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka kitu kinizidi kelele za kichwani. Kipande kilipoisha nikakirudia. Kikaisha, nikakirudia.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu yeyote wa umri wangu nchini analijua, na ambalo mimi peke yangu, siku hiyo, nililisahau. Kiongozi mkubwa akifariki, redio huacha nyimbo zake za kawaida. Kabla mtangazaji hajasema neno, unasikia fidla za polepole, mfululizo, bila tangazo la sabuni wala la soda. Mwenye duka anapunguza sauti ya kila kitu kingine. Watu wanaulizana kwa macho ni nani. Kwa hiyo muziki huu, ambao sisi watatu tunaupa majina ya kuku na miwani, una jina moja tayari, na lilikuwepo kabla yetu. Ni muziki wa msiba.

Niliposikia mtu anakohoa mlangoni nilitoka nikiwa na shati mkononi. Mama jirani, ambaye shamba lake linapakana na letu, alikuwa amesimama uani na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake walikuwepo akina mama wengine, wanne au watano, wametulia. Nikawaamkia. Nilifurahi kwa kweli, nikadhani wamekuja kumjulia mama hali.

"Pole, mwanangu," alisema mama jirani. "Tumesikia."

"Asante, mama. Ndiyo ukubwa."

"Amekwenda saa ngapi?"

"Alfajiri. Mlikuwa bado mmelala."

"Hakuteseka?"

Nikasema aliguna kidogo tulipombeba, lakini akishalala huwa ametulia. Mama jirani akatikisa kichwa, akautua mkungu. Mwingine akauliza kama ameachwa Moshi.

"Hapana, anarudi," nikasema. "Wakimmaliza tu wanamleta leo leo."

Wakatazamana. Mmoja, mwenye kilemba cha njano, hakuweza kujizuia. "Leo leo? Kwani amesilimu?"

Sikuelewa, nikacheka kwa adabu kama mtu anavyocheka utani uliompita. Wao wakaniona nacheka, wakanihurumia zaidi. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba uchungu ukizidi ndivyo unavyofanya. Kisha wakaingia jikoni bila kuniuliza kitu, wakaanza kumenya. Mimi nikarudi chumbani kumalizia begi, nimejawa na shukrani kwa majirani wema kiasi hiki, wanaokuja kumpikia mgonjwa kabla hajarudi.

Nadhani ningeendelea hivyo hadi jioni kama balozi asingefika. Balozi wetu wa nyumba kumi ni mzee mrefu, rafiki wa marehemu baba. Aliingia mpaka chumbani, akaliona begi, akasema ni vizuri nimejiandaa mapema, nguo za kwenda kumfuata Moshi zinahitajika. Kisha akaweka mkono begani kwangu. Huko nje nilisikia vijana wanakata miti ya kusimamishia turubai.

"Mwanangu, sitaki kukuharakisha," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenye kihamba. Njoo utuonyeshe. Tuchimbe kulia kwa baba yako, au kushoto?"

Fidla kubwa ilikuwa inashuka nyuma yetu. Niliisikia kama anavyoisikia yeye, na kila kitu kikaja kwa pamoja: blanketi, gari, ndizi, leo leo. Lakini si hicho kilichonigusa. Kilichonigusa ni swali lenyewe. Kwa sababu nilikuwa najua jibu. Kushoto, karibu na mparachichi, mama alishasema. Hakuna mwingine katika watoto wote aliyeambiwa.

"Mzee," nikasema, "mama hajafa. Yuko kliniki."

Balozi akatazama dirishani.

"Na hiyo redio?"

"Si redio. Ni mimi nasikiliza."

"Unasikiliza," alisema. "Kwa raha?"

Nikasema ndiyo. Balozi alitoka nje kuwaambia watu, na mimi nikabaki nimezima spika, nikisikia mguno mmoja mrefu, halafu kicheko kimoja kilichobanwa, halafu ghasia. Wengine walikasirika. Mama jirani alisema amepiga simu kwa dada zake watatu na mmoja amekwisha kulia. Mwenye kilemba cha njano alitaka kuondoka na ndizi zake. Mama jirani akamkatalia: ndizi za msiba hazirudi nyumbani.

"Nani alisema?"

"Nimesema mimi, sasa hivi."

Walikuwa bado wanabishana gari lilipoingia. Mama alikuwa ameketi, safari hii, ameshika magongo mapya. Aliyatazama majani ya migomba yaliyorundikwa, miti iliyokatwa, akina mama na visu vyao. Binti alimsaidia kushuka.

"Nani amekufa?" mama aliuliza.

Mama jirani akasema, kwa sauti ndogo, "Wewe."

Mama alicheka mpaka akaishika nyonga kwa maumivu, na binti akamtaka aache. Akawataja mmoja mmoja waliokuja, na wale wasiokuja pia akawataja, kwa sauti zaidi. Akasema waendelee kupika, mbege, ile pombe ya ndizi ambayo kijana wa balozi aliwaahidi waombolezaji, iletwe, hakuna sababu ya watu kusubiri afe ndipo wale. Kisha akaingia ndani kupumzika kidogo, na nilikuwa sijawahi kuogopa magongo kama nilivyoogopa mlio wa yale mawili sakafuni, yakikipita chumba chake, yakisimama mlangoni kwangu.

Alitoka baada ya muda. Aliketi kwenye kiti uani, mbele ya watu wote, akaniita.

"Begi ni la nani?"

"Langu, mama."

"Basi umeshanijibu."

Nilitaka kusema kitu, akanyanyua gongo moja kidogo. Alimwambia balozi kwamba kwa kuwa mashahidi wamekuja wenyewe bila kuitwa, hatawasubiri watu wa Krismasi. Kihamba kitabaki na binti wa kaka yangu. Wazee wawili wakaguna pale pale. Mmoja akasema binti ataolewa, migomba itahamia ukoo wa watu. Mama akamwambia wavulana wake hawakuolewa na bado walihama. Watu walicheka, mimi nikatazama tambarare.

Lilikuwa limefanyika. Kitu nilichokikimbia tangu kidato cha nne kilikuwa kimeondolewa mabegani mwangu mchana kweupe, na nikala ndizi na nyama pamoja na waombolezaji wangu, na sikuona wepesi wowote. Niliinuka nikaketi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikarudi. Kwenye simu mzee wa pampu alikuwa ameuliza kama nimeshafika ngazi ya chini.

Watu walipoondoka, jua bado lipo, nilimkuta binti anasugua sufuria kubwa ya kuazima kwa majivu. Nikachuchumaa kumsaidia. Nikamwambia hongera, nikijua ni neno baya. Aliendelea kusugua.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Bibi hakuniuliza. Na wewe umepanga begi bila kuniuliza."

Nikamuuliza basi. Nilichelewa, lakini niliuliza. Akaniambia jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu nyumbani: leo, mama akiwa kwa daktari, yeye alipita kwenye maabara moja mjini alikoomba kazi, wakamwambia aanze katikati ya Januari. Alikuwa amepanga kutuambia jioni, akakuta turubai.

"Mimi sikatai kihamba," alisema. "Nakipenda kuliko wewe. Lakini sikusoma ili nikae hapa mwaka mzima nikisubiri mtu aanguke. Nenda hiyo safari yako. Ukirudi Januari, mimi nishuke. Halafu nikirudi, wewe ondoka. Tupeane."

Tulikwenda pamoja kwa mama. Yeye alieleza, kwa sababu mimi nilipoanza nilichanganya. Mama alisikiliza, magongo yameegemea ukutani.

"Zamu," alisema. "Zamu ni ya maji ya mfongo. Sijasikia zamu ya mama."

Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia, unaoteremka kutoka mlimani ukipita kwenye vihamba vyote, na kila nyumba ina siku yake ya kuyafungulia maji. Nikamwambia ni hivyo hivyo, kama mfongo.

"Unajua mtu asipokuja siku yake inakuwaje?"

"Shamba lake linakauka."

"Siyo lake tu. Mashamba ya chini yake yote, maana hakuna wa kuyapitisha." Akayavuta magongo karibu. "Haya. Nenda. Ila kwa wazee sitabadilisha neno, kihamba ni cha huyu. Wewe una siku zako tu. Usipokuja siku yako, usije hata siku nyingine."

Niliondoka Jumatatu. Lubumbashi nilifika, nikashusha, nikapakia. Binti ananiandikia kila jioni: mama anatembea na gongo moja sasa, kaka zangu walikuja Krismasi wakaguna wakanywa wakaondoka, maabara wamempa tarehe. Hakuna ujumbe wake wenye swali. Nimezihesabu siku mara nyingi na zinatosha, kama barabara itakubali.

Haya nayaandika mpakani mwa Tunduma, upande wa Zambia, kwenye foleni ya malori. Tumesimama hapa tangu juzi. Nimeshuka na kupanda sijui mara ngapi, nimekwenda mpaka kichwa cha foleni kwa miguu na kurudi, dereva wa nyuma yangu ameniuliza kama nimepoteza kitu. Asubuhi hii muuguzi ameuliza tunasikiliza nini. Mzee wa pampu amejibu, yuko kwenye kipande kipya chenye filimbi, anataka tukipe jina. Mimi nimewaambia ukweli: nimezima kila kitu, nimefungua kioo, nasikiliza kama injini za mbele zinawashwa.